Upigwe na polisi, halafu PF3 ukaiombe kwa polisi walewale. Haya mageuzi ni ya nani?

Wakuu, leo sina salamu ndefu. Nataka mtu mmoja tu, awe wizarani, bungeni au makao makuu ya polisi, anijibu kwa lugha nyepesi: raia akipigwa na askari ndani ya kituo, anakwenda kuripoti wapi?

Msiniambie "kituo cha karibu". Kituo cha karibu ndicho kilichompiga.

Mdogo wangu anaendesha bodaboda hapa Dar. Mtaa sitaji, kituo sitaji, maana bado anaishi mitaa hiyohiyo na mimi sitaki wamfuate tena. Walimzoa kwenye misako ya usiku, kijiwe kizima kikapakiwa kwenye Defenda, hakuna aliyeambiwa kosa. Alipofika ndani akauliza, "Afande, kosa langu nini?" Swali hilo ndilo lililompasua juu ya jicho na kumvimbisha mkono wa kulia, ule wa kushikia moto wa pikipiki.

Asubuhi nimefika na chai na chapati, kwa sababu mahabusu wa nchi hii analishwa na ndugu zake. Naambiwa dhamana ipo ila mpelelezi hajaja. Mpelelezi akaja, faili likawa kwa mkubwa. Mkubwa akaja, ikawa mdhamini wangu barua yake ya serikali ya mtaa haijakaa vizuri. Ukutani, juu ya kaunta, kuna bango kubwa: dhamana ni haki, haiuzwi. Chini ya bango hilohilo nikaombwa "hela ya karatasi na mafuta". Nikatoa, kama kila mama aliyekuwa kwenye lile benchi.

Tukaenda hospitali. Nesi swali la kwanza: PF3 iko wapi? Kwa ambaye hajawahi kukutana nayo, ni fomu unayopewa polisi, daktari anaandika humo majeraha, kisha ndiyo inayosimama mahakamani. Huna fomu, kidonda chako ni stori za kijiweni. Kidonda walikisafisha na kukishona, nawashukuru, lakini kuandika kitu chenye uzito hapana, mpaka nilete karatasi.

Nikarudi kaunta.

"Dada, ndugu yako si umepewa? Unataka nini tena?"

"PF3, afande."

"Kapigwa na nani?"

Nikaonyesha kwa kidole mlango wa chumba cha nyuma. Wakacheka. Siyo kwa kujificha, walicheka mpaka mmoja akavua kofia. Kisha huyo huyo akaniambia kwa upole kabisa, kama mtu anayenisaidia: andika alianguka na pikipiki, nakugongea muhuri sasa hivi.

Rushwa nimeizoea, Mungu anisamehe. Kilichonikaba koo ni ule muhuri. Aliyempiga ndiye anaandika nani kapiga. Na akikataa kuandika, basi hakuna aliyepigwa. Wazee walishasema, kesi ya ngedere usimpelekee nyani, na sisi ndiko pekee tulikowekewa mlango.

Sasa wasikilizeni hawa mabingwa wa "leta ushahidi" na "askari wachache wasiharibu taswira ya jeshi". Twende na kumbukumbu basi.

Januari 2006, wafanyabiashara watatu wa madini kutoka Mahenge na dereva teksi waliuawa hapa Dar, msitu wa Pande. Taarifa ya kwanza ya polisi ilikuwaje? Majambazi, wameuawa kwenye majibizano ya risasi. Mji ukaamini, kwa nini usiamini? Ilibidi Rais Kikwete aunde tume chini ya Jaji Kipenka Mussa, mtu wa nje ya polisi, ndipo ikaonekana hakukuwa na majambazi wala majibizano. Mahakama Kuu 2009 ikawaachia washtakiwa wote, polisi wale, na mkubwa wao Zombe akiwemo. Mahakama ya Rufani 2016 ikamtia hatiani afisa mmoja. Miaka kumi ya kusubiri, kwa mtu mmoja! Lakini angalieni kilichofungua mlango: jaji wa nje. Bila yeye, wale marehemu wangekuwa majambazi mpaka kesho.

Februari 2018, Akwilina Akwilini, mwanafunzi wa Chuo cha Taifa cha Usafirishaji, yuko ndani ya daladala Kinondoni, hana habari na maandamano ya mtu, risasi ikamkuta. Safari hii jaji wa nje hakuwepo. Askari walishikiliwa, jalada likafungwa, hakuna askari aliyepandishwa kizimbani. Walioshtakiwa ni viongozi wa chama kilichoandamana, wakatiwa hatiani 2020 kisha Mahakama Kuu ikatengua. Aliyefyatua risasi yuko wapi? Labda kapandishwa cheo, nani ajuaye.

Januari 2022, Mtwara. Kijana mfanyabiashara wa madini anakwenda kudai fedha zake zilizochukuliwa na polisi, anauawa. Maafisa saba wakashtakiwa. Afisa mwingine aliyekuwa anashikiliwa kwa sakata hilo akaripotiwa kujinyonga mahabusu, yaani hata mwenzao, aliyekuwa anajua mengi, alifia mikononi mwao. Rais Samia mwenyewe, Februari mwaka huo, akahoji hadharani inawezekanaje polisi wahusishwe na mauaji halafu wajichunguze wenyewe, akamwagiza Waziri Mkuu aunde timu nyingine. Kesi ikaenda, na 2025 mahakama ikawahukumu wawili kunyongwa.

Mmeona? Rais kalisema neno lenyewe nililolileta hapa. Siyo mimi mropokaji, siyo mwanaharakati, siyo beberu. Sasa kama ilikuwa haiwezekani Mtwara, kwa nini inawezekana kwenye kituo changu? Yule wa Mtwara alipata timu kwa sababu kilio kilifika juu. Mdogo wangu hana wa kulia naye mpaka afe?

Halafu inakuja sehemu inayonichefua kabisa. Januari 2023 ikaundwa Tume ya kuangalia taasisi za haki jinai, mwenyekiti Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman, makamu Balozi Ombeni Sefue. Wakazunguka, wakasikiliza watu. Julai 2023 ripoti ikakabidhiwa Ikulu kwa makofi. Humo wakasema polisi ifumuliwe na kuundwa upya, iwe chombo cha kuhudumia raia, na upelelezi wa jinai utoke uende kwenye ofisi yake ya taifa inayojitegemea. Nilifurahi, nasema kweli. Nikasema ahaa, sasa.

Kisha makongamano. Kisha kamati ya kuangalia utekelezaji wa mapendekezo. Kisha warsha hotelini na chupa za maji mezani.

Septemba 2024 watu wenye silaha wanamshusha Ali Kibao, kiongozi wa Chadema, kwenye basi Tegeta, abiria wanaangalia. Mwili unapatikana Ununio. Rais anaagiza uchunguzi. Na uchunguzi ukaenda palepale zinapokwenda chunguzi zote.

Ikaja 29 Oktoba 2025, siku ya uchaguzi mkuu. Sina haja ya kuwasimulia, sote tulikuwa ndani, intaneti imezimwa, saa kumi na mbili jioni mlango umefungwa, tunahesabu milio. Kuna watu mpaka leo wanatafuta ndugu zao na hawakupata hata mwili wa kuzika. Mwezi uliofuata ikatangazwa tume ya kuchunguza. Mwenyekiti nani? Jaji Chande Othman. Sefue naye yumo. Sina ugomvi na wazee hawa, wanaheshimika na ninawaheshimu. Ila hebu fikirini: mtu aliyeandika 2023 dawa ya ugonjwa, dawa haikunyweshwa, mgonjwa kazidiwa, anaitwa yuleyule aje aandike tena. Ningekuwa yeye ningewatolea nakala ya ile ya zamani.

Tatizo letu halijawahi kuwa kukosa ripoti. Wala kaulimbiu. Wa umri wangu wanakumbuka enzi za mkuu wa polisi nchini, IGP Mahita, na "ngunguri" yake. Akaja Mwema na polisi jamii, ulinzi shirikishi, utii wa sheria bila shuruti. Na nikiri lile la polisi jamii lilikuwa na kichwa na miguu, mtaani kwetu wizi wa usiku ulipungua kweli. Siku hizi kuna polisi kata, vijana wazuri tu, wengine wana adabu. Lakini polisi kata huyo huyo nikimpelekea kesi ya OCS wake, yaani mkuu wa kituo, anafanya nini? Atanionea huruma, basi.

Kuna atakayesema Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora ipo tangu 2001. Ipo, na inapokea malalamiko. Inachunguza, inapendekeza. Kupendekeza maana yake mkubwa wa polisi anasoma, anaweka droo. Kuna sheria ya uchunguzi wa vifo vyenye utata, inamtaka hakimu achunguze mtu akifia mikononi mwa polisi. Waulizeni ndugu wa marehemu wangapi waliwahi kuitwa mbele ya hakimu huyo. Kuna Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, inasema mtu asiyepewa dhamana apelekwe mahakamani ndani ya saa 24, labda kosa lake liwe la kunyongwa. Mdogo wangu na kijiwe chake wote walikuwa wauaji, kumbe.

Jirani zetu Kenya wana chombo kinachoitwa IPOA, kimewekwa kwa sheria ya 2011, cha kuchunguza polisi, na wachunguzi wake si polisi. Msinirukie, najua Kenya si peponi. Jina la polisi walishalibadilisha likawa "huduma" tangu Katiba ya 2010, na risasi za kwenye maandamano ya Juni 2024 hazikusoma jina. Lakini chukueni la Albert Ojwang, mwalimu, Juni 2025. Kafia kituo kikuu cha Nairobi. Polisi wakasema kajigonga kichwa ukutani. Wapasuaji wakakataa, majeraha hayo si ya kujigonga. IPOA wakaingia, wakakuta hata kumbukumbu za kamera za kituo zimechezewa. Mwezi huohuo OCS wa kituo na wenzake wakapandishwa kizimbani kwa mauaji. Mwezi huohuo! Huku kwetu mwezi huo ungeishia kwenye "uchunguzi unaendelea, wananchi muwe watulivu".

Na kabla hamjaniita adui wa polisi: nawajua askari. Nimekua karibu na kota zao, nimeona familia inakaa chumba kimoja bati linavuja, nimeona koplo anakopa unga. Nawakumbuka waliouawa Stakishari 2015 na Mbande mwaka uliofuata, wakiwa kazini. Gari la kituo halina mafuta, mlalamikaji ndiye anachangia ili mshitakiwa wake akakamatwe. Huo ni uonevu kwa askari pia, tunamfundisha kuombaomba halafu tunashangaa anakuwa mwizi. Walipeni, wajengeeni. Na sisi raia tusijifanye malaika: Panya Road waliporudi 2022 na kuanza kukata watu mapanga, tulipotangaziwa wameuawa kwa risasi mtaa ulishangilia. Hakuna aliyeuliza majina. Nani alijua kama wote walikuwa Panya Road?

Ninachotaka ni kidogo kuliko hayo ya kufumua na kuunda. PF3 itolewe hospitalini, hata leo, waziri wa afya na wa mambo ya ndani wakae meza moja nusu saa waandike waraka. Kila chumba cha mahojiano kiwe na kamera, na kumbukumbu zake zisikae kwa OCS, zikae kwa mtu ambaye OCS hawezi kumpigia simu usiku. Na kuwe na mlango wa nje wa kulalamikia, kila wilaya, wenye wachunguzi wao na nguvu ya kumfikisha askari mahakamani bila kuomba ruhusa kwa bosi wake. Hilo la tatu msipolifanya, hayo mawili watayavuruga ndani ya wiki.

Mdogo wangu PF3 hana. Alikataa kusema alianguka, na mimi sikumlazimisha. Mkono bado hauna nguvu ya breki, pikipiki ya watu imekaa na hesabu ya tajiri inadaiwa kila jioni.

Wanasheria mliomo humu, nahitaji msaada wa kweli: nina picha za siku ileile, nina karatasi ya hospitali ya kushonwa isiyotaja chanzo, na nina wenzake wawili wa kijiweni walio tayari kusema. Je, hakimu anaweza kuniruhusu nifungue mashtaka mwenyewe bila jalada la polisi? Na je, kuna aliyewahi kufanya hivyo Dar, na akasikilizwa? Aliyewahi aandike hapahapa, wengine wasome. Msinitumie namba za "mtu wangu wa ndani", nilishaongea na watu wa ndani, wana mihuri.