Ofa ya printa ya bure imekufa: mnunuzi kapona au kapunjwa?

Mleta mada (Tabata)

Wakuu, habari za jioni. Hoja yangu ni ya Marekani, ila mkia wake ulifika mpaka nyumbani kwetu ndani ya pipa la bluu.

Kwa asiyejua, miaka ya 2000 kule ukinunua kompyuta mpya ilikuwa kawaida kuondoka na printa ya nyongeza. Kampuni ya kompyuta ya Dell walianza kuuza printa zenye jina lao mwaka 2003, zikiundwa na kampuni ya printa ya Lexmark, na mara nyingi walizigawa pamoja na kompyuta. Apple nao walikuwa na mtindo wa kurudisha pesa: nunua kompyuta yao ya Mac, chukua na printa, urudishiwe hadi dola 100. Kwa printa za bei ya chini, hapo umepewa bure. Leo ofa hizo hazipo. Ukinunua laptop unapewa mkoba, ukiwa na bahati na kipanya.

Sasa pipa. Mwaka 2008 baba yangu mdogo alitutumia mzigo kutoka huko: viatu, shampuu, mashati, na katikati, imeviringishwa kwenye blanketi, printa aliyopewa bure. Adapta yake ilikubali umeme wetu, tukashangilia. Ilinichapia barua za maombi ya kazi na kurasa kama sitini za mambo ya kanisa, kisha wino ukaisha. Nikaenda mjini, nikanunua katriji ya aina ileile. Ikaingia vizuri, ikalia "tak", printa ikaikataa. Fundi akanieleza kwamba mashine ilifungwa kwa katriji za Amerika Kaskazini tu, na hii ya kwetu imewekewa alama ya eneo jingine. Katriji ya kuagiza ilikuwa ghali kuliko printa nzima, maana printa ilikuwa sifuri!

Mpaka leo ipo juu ya kabati. Mama ameifunika kitambaa cha kufuma.

Msimamo wangu: heri ofa hizi zimekufa. Walichokuwa wanagawa ni mlango wa duka la wino. Chukueni HP 21, ile katriji nyeusi iliyojaa sana huku kwetu. Ndani kuna mililita 5 za wino, unapata kurasa kama 190. Kijiko cha chai kimoja! Nadhani hata sheria ingezuia mtindo huu. Karibuni tujadili.

Mbeba maboksi (Minnesota)

Mleta mada, hao akina baba mdogo ndio sisi. Ila umesahau nusu ya mateso.

Hiyo ya kurudishiwa pesa haikuwa papo hapo. Dukani unalipa bei yote, na kodi ya mauzo unakatwa juu ya bei hiyohiyo. Nyumbani unachukua kisu, unakata kipande cha boksi chenye msimbopau, unaambatisha risiti, unajaza fomu, unatia kwenye bahasha kabla ya tarehe waliyopanga, unasubiri hundi wiki sita, nane. Mimi ya kwanza nilipata. Ya pili nilijibiwa kwamba risiti ni kivuli, walitaka halisi. Halisi nilikuwa nimeituma kule kwa ajili ya hundi ya kwanza. Nikaacha. Na wakati nimeshalikata boksi, dukani hawalipokei tena.

Wengi walikuwa tayari na printa. Craigslist, ule mtandao wa matangazo ya kuuziana vitu, ilijaa printa mpya kwenye boksi, dola 20, dola 15, "njoo uchukue". Nyingine tukazitia kwenye mapipa. Samahani kwa hiyo ya kwenu.

Mwalimu wa kompyuta (Nakuru)

Mimi napinga, tena kwa nguvu.

Mnasema cha bure kina gharama. Sawa. Nijibuni hili: walipoiondoa printa, bei ya kompyuta ilishuka? Ilishuka kwa sababu zingine za kiteknolojia, pengine, lakini sijawahi kuona tangazo linalosema "tumeondoa printa, chukua dola zako hamsini". Kampuni ilikata zawadi, faida ikabaki kwake. Halafu mnunuzi ndiye anayepiga makofi!

Mnazungumza kama watu wenye steshenari mlangoni. Fikirieni mwanafunzi wa chuo kule, wazazi wake hawana kitu, insha inatakiwa kwenye karatasi kesho asubuhi. Katriji moja kwa muhula inamtosha. Huyo hakupunjwa na mtu. Aliyepunjwa ni anayechapisha sana, na huyo angepiga hesabu kabla.

Kuhusu sheria, msikimbilie kuzuia. Hapa Kenya, Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 kinampa mtumiaji haki ya kupata habari anazohitaji ili afaidi bidhaa. Habari! Waandike juu ya boksi, kwa herufi kubwa kama za bei: ukurasa mmoja utakugharimu kiasi gani, na katriji iliyomo ndani imejazwa nusu au imejaa. Baada ya hapo mtu mzima aamue mwenyewe.

Mleta mada

Mwalimu, hapo kwenye bei umenibana, nakiri. Lakini "angepiga hesabu kabla" kwa namba zipi? Idadi ya kurasa iliandikwa kwenye katriji, nayo unaiona siku unapoenda kununua ya pili. Siku hiyo printa imeshakaa kwako.

Mama Steshenari (Mbagala)

Nimesoma yote, nacheka tu. Wanangu, mimi printa yangu nilinunua kwa pesa yangu ya kikoba na sijutii hata shilingi.

Nina Epson L3110, ile ya matangi. Chupa nyeusi ni namba 003, mililita 65, wenyewe wanasema kurasa 4,500. Namimina kama mafuta ya kula, unaona kwa macho wino umefika wapi. Kabla ya hapo nilikuwa na ile ya katriji, ya bei rahisi. Kijana alikuwa anakuja na sindano, anatoboa juu, anajaza, mikono yake na meza yangu vyote bluu. Wiki mbili inachapisha vizuri, ya tatu mistari mitupu. Msimu wa vijana kutafuta vyuo, watu wamepanga foleni mpaka kwa muuza chipsi, na mashine inatapika mistari.

Msidhani tangi ni peponi. Zikianza kuwaka zile taa mbili nyekundu kwa kupokezana, ujue sponji ya chini imehesabiwa kwamba imejaa wino mchafu. Mashine inagoma kabisa. Fundi anakuja na laptop yake, anafuta hesabu, unamlipa, kazi inaendelea. Kwa hiyo hata niliyelipa bei kamili nimewekewa kamba, ila ndefu kidogo.

Mkitaka kujua, hizo za matangi Epson walizianzisha Indonesia mwaka 2010, kwa sababu watu wa kule walikuwa wanajiunganishia matangi ya mitaani kwa mipira. Marekani zimefika 2015. Sisi wa sindano ndio tuliowafundisha.

Mzee wa mahesabu (Mwanza)

Shikamoo mama. Hiyo ya Indonesia imenikumbusha Kodak.

Mwaka 2007 Kodak walikuja na njia ya kinyume: printa ghali kidogo, kuanzia dola 149, wino rahisi, nyeusi dola 9.99 na rangi dola 14.99. Wakamwambia mnunuzi ukweli wote, kama mwalimu anavyotaka. Januari 2012 wakaomba kinga ya kufilisika, na mwaka huohuo wakatangaza kuacha kuuza printa za nyumbani. Kufilisika kwao kulikuwa na mengi, filamu za picha ndizo ziliwamaliza, lakini printa ya ukweli haikuwaokoa. Watu walisimama dukani, huku dola 149, huku mashine ya dola 40 au ya bure, wakachukua ya bure.

Kwa hiyo mleta mada, ofa haikufa kwa huruma ya mtu. Ilikufa kwa sababu mchezo wote ulitegemea uchapishe. Picha zikahamia kwenye simu, tiketi zikahamia kwenye simu, kazi za shule zikatumwa kwa intaneti. Ukimpa printa mtu asiyechapisha, umetupa pesa. Lexmark wenyewe, waliokuwa wanawatengenezea Dell, Agosti 2012 walitangaza kuachana kabisa na printa za wino, wakabaki na za leza za maofisini.

Na mtego haujaondoka, umevaa koti jipya. HP wana Instant Ink tangu 2013: unalipa kila mwezi kwa idadi ya kurasa. Ukiacha kulipa, katriji inazimwa kupitia intaneti hata ikiwa na wino tele. Mnaielewa hiyo? Wino upo ndani ya nyumba yako, unauona, huruhusiwi kuugusa. Ya bure ilikuwa na adabu zaidi.

Mwanasheria chipukizi (Dodoma)

Niongeze kidogo. Mei 30, 2017 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kesi ya Impression Products na Lexmark. Lexmark walikuwa wanauza katriji kwa punguzo kwa sharti kwamba ikiisha usiijaze, uwarudishie. Wengine wakazijaza na kuziuza, zikiwemo zilizouzwa nje ya Marekani. Mahakama ikasema ukishauza kitu, haki yako ya hataza (patent, haki ya mvumbuzi) juu ya kitu hicho imeisha, popote ulipokiuzia. Kwa hiyo kisheria, kijana wa sindano wa mama angekuwa salama hata Marekani, kwa upande wa hataza.

Tatizo ni kwamba mahakama haiamrishi chipu ikubali, kile kipande cha kielektroniki ambacho printa inakitumia kuitambua katriji. Miezi michache kabla, Septemba 2016, printa nyingi za HP zilianza kukataa katriji za watengenezaji wengine kwa sababu ya programu iliyokuwa tayari imo ndani yake. Kama tunataka sheria, hapo ndipo pa kuanzia. Printa ya bure ilikuwa chambo tu. Ndoano ni chipu.

Mwalimu wa kompyuta (Nakuru)

Hapo kwa chipu nakubaliana nawe, wakili. Kwa ofa bado sijahama. Na yule mwanafunzi wangu hamjamjibu.

Mleta mada

Mwalimu, kwa huyo mwanafunzi sina jibu zuri. Mimi mwenyewe kazi yangu ya kwanza niliipata kwa barua iliyochapwa na ile printa ya pipa. Lakini kwenye chipu na eneo silegezi: mashine ikishavuka bahari, ifanye kazi kwa wino wa duka la karibu.

Fundi (Kariakoo)

Mkuu mleta mada, hiyo ya juu ya kabati adapta yake bado nzima? Nina mteja anaitafuta wiki ya pili sasa. Njoo nayo kesho, na kitambaa mrudishie mama.