911 SC ya 1979: nataka kuinua kwa barabara ya vumbi, na gia zinanisumbua. Nianzie wapi?

Vumbi_la_Kajiado:
Wadau habari zenu. Niko na Porsche 911 SC ya 1979, gari ni safi, bodi haina kutu na injini inavuta vizuri. Nataka niiandae kwa safari za murram, si mashindano, ni zile za kutoka Nairobi kwenda upande wa Amboseli na Taita na kurudi bila kuvunja kitu. Nilikuwa nafikiria kuinua kama sentimita 5 mbele na nyuma na kuweka toshenba (zile nondo za chuma zinazojipinda kufanya kazi ya springi) nene zaidi ili isikae chini nikibeba mizigo. Shida ya pili ni gia, liva imelegea sana, inazunguka zunguka kama haijafungwa, gia ya pili ni ya kutafuta na rivasi mara nyingine inakwaruza. Fundi mmoja ameniambia gia boksi imekwisha nishushe injini. Mimi sijakubali bado. Mnashauri nini?

Mzee_wa_Spana:
Kaka usishushe kitu kwanza. Hiyo gia boksi yako, aina ya 915, inasingiziwa sana, nyingi zinafunguliwa bure wakati ugonjwa uko kwenye linkeji, yaani viungo vinavyounganisha liva na gia boksi. Fikiria njia yenyewe, liva iko hapo katikati ya viti, gia boksi iko nyuma kule imeungana na injini, kati yao kuna rodi ndefu inapita ndani ya tanel, na kila kiungo kwenye hiyo rodi kina bushi ya plastiki. Gari ina zaidi ya miaka 40, plastiki hiyo imeshakuwa biskuti.

Fanya kipimo hiki kabla ya kutoa pesa. Zima injini, pitisha gia zote taratibu. Kama hata injini ikiwa imezimwa unatafuta gia ya pili, hiyo ni linkeji. Kisha washa, kanyaga klachi mpaka chini, subiri sekunde chache, ndio uingize rivasi. Rivasi ya 915 haina sinkronaiza (pete inayolinganisha mwendo wa gia kabla haijaingia) kwa hiyo haifichi kitu, ikikwaruza baada ya kusubiri maana yake klachi haikati vizuri, angalia kebo na urekebishaji wake. Usianze kushika linkeji kabla ya klachi kuwa sawa maana utarekebisha mpaka kesho na haitakaa.

Vumbi_la_Kajiado:
Nimefanya mzee wangu. Injini ikiwa imezimwa ya pili bado ni ya kutafuta. Rivasi nikisubiri inaingia bila kelele.

Mzee_wa_Spana:
Basi klachi iko sawa, mkono wako ndio ulikuwa na haraka kwenye rivasi. Sasa kazi. Toa kapeti katikati ya viti vya nyuma utaona kifuniko kidogo juu ya tanel, fungua. Hapo chini kuna kaplingi inayounganisha rodi na gia boksi. Kabla hujalegeza chochote chukua msumari au kitu chenye ncha, kwaruza alama kwenye rodi na kwenye klempu yake ili ujue ilikuwa imekaa vipi. Watu wengi wanaruka hii halafu gari inakaa gereji wiki nzima haina gia hata moja. Ndani ya kaplingi kuna skrubu yenye ncha ya koni, icheki kama haijalegea, kisha ingiza bushi mpya. Rudi mbele, fungua kitako cha liva, badilisha kikombe cha plastiki kinachoshika kichwa cha rodi na ile bushi rodi inayopitia, piga grisi. Ukifunga rudisha kwenye alama zako, jaribu, na kama bado sogeza kidogo sana, hata nusu milimita pale inasikika kwenye liva.

Kuna wanaouza bushi za chuma. Zinakata gia kama kisu, lakini kwa mtu wa murram mimi sizipendi, mtetemo wote na kelele za gia boksi zinakuja mkononi na vumbi likiingia zinajisaga. Weka za plastiki nzuri.

Pwani_911:
Naongezea kwa mzee hapo juu, angalia maunti (raba za kushikilia) za injini na ya gia boksi. Injini na gia boksi vinaning'inia pamoja kwenye raba, liva imefungwa kwenye bodi. Raba zikilegea, kila ukipiga shimo injini inacheza na rodi inasukumwa, ndio unasikia watu wanasema gia imechomoka yenyewe kwenye barabara mbaya. Maunti kwanza, linkeji baadaye, la sivyo unarekebisha kitu kinachotembea.

Na oili ya gia boksi usiweke ile laini kupita kiasi. Sinkronaiza za hii boksi zinafanya kazi kwa msuguano, oili ikiteleza sana pete haishiki na gia inakwaruza hata kama kila kitu ni kipya.

Arusha_Rali:
Mkuu mimi nije kwenye kuinua maana hapo ndipo watu wanaharibu magari. Kwanza hiyo habari ya toshenba nene. Ugumu wake unapanda kwa kipeo cha nne cha kipenyo, yaani ukitoka mm 24 kwenda mm 26 unaona ni milimita 2 tu, kumbe ugumu umepanda karibu asilimia 38. Kwenye matuta ya vumbi gari itaruka ruka, tairi hazigusi chini na usukani unakuwa mwepesi. Kwa safari ndefu ya murram unataka gari inayotembea juu chini kwa nafasi, sio ngumu. Urefu unaupata kwa kugeuza meno ya toshenba, sio kwa unene.

Nyuma toshenba ina meno 40 ndani na 44 nje. Jino moja la ndani ni digrii 9, la nje ni kama digrii 8.2, kwa hiyo ukizungusha moja huku na moja kule unapata badiliko la chini ya digrii moja. Ndio ufundi wenyewe huo, pima pembe ya springi pleti (lile bamba linalounganisha toshenba na tairi ya nyuma) ikiwa inaning'inia kabla na baada, pande zote mbili. Kushoto na kulia zina alama, usizibadilishe maana zimetengenezwa kupindwa upande mmoja, na usikwaruze rangi yake, kutu ikianza hapo itakatika. Mbele ni rahisi, kuna bolti ya kurekebisha.

Sasa, shokapu. Hapa ndipo sentimita 5 inakuwa nyingi. Ukiinua na shokapu zilezile, shokapu zinakaa karibu na mwisho wa urefu wake, tairi ikishuka kwenye shimo shokapu inagonga juu ko! ko! na haichukui muda itavuja. Ama upate ndefu zaidi ama uishie kama sentimita 3. Na mbele tai rodi zitainama kuelekea kwenye tairi, ukipita tuta usukani unavuta wenyewe. Wanaojenga kwa rali wanashusha spindo (ekseli fupi inayobeba tairi) kwenye mwili wa strati, yaani nguzo ya shokapu ya mbele, gari inapanda bila kuvuruga pembe, lakini hiyo ni kazi ya kuchomelea, usimpe mtu wa kubahatisha. Nyuma kemba na too (pembe za tairi) zitahama, lazima alaimenti, na boot za CV (raba zinazofunika viungo vya ekseli) uziangalie kila safari.

Porsche wenyewe walipoleta SC kwenye Safari Rally ya 1978 walizipandisha mpaka sm 28 kutoka chini, dereva Vic Preston Jr. akamaliza wa pili na mwenzake Waldegård wa nne. Lakini zile zilijengwa upya kuanzia shokapu mpaka sahani ya chini, sio kugeuza bolti tu.

Vumbi_la_Kajiado:
Asanteni sana wakuu. Basi nabaki na toshenba zangu, sentimita 3, shokapu mpya, maunti na bushi zote. Kitu kingine cha kulinda chini ni nini?

Pwani_911:
Mabomba ya oili. SC ina tangi la oili nyuma kulia na kipoza oili kiko kwenye fenda ya mbele kulia, mabomba yanapita chini ya ubavu wa kulia gari nzima, yako wazi kabisa. Jiwe moja likibamiza hapo oili inamwagika yote na injini hii inapozwa kwa hewa na oili, haina maji ya kukuokoa. Funika na bati nene lakini acha nafasi hewa ipite.

Mzee_wa_Spana:
Na ukimaliza kuinua, tembea kama kilomita 200 za vumbi, halafu fungua tena kile kifuniko cha tanel uangalie alama zako kwenye klempu. Ikiwa imehama, kaza hapo hapo kabla hujaenda mbali.