Tupeane uzoefu: kompyuta ya zamani, herufi zina ukungu au visanduku, ulipona vipi bila kupiga Windows upya?

#1
Wakuu, habari za jioni.

Nina kompyuta ya mezani ya mtumba, Windows 7, monita bapa ya inchi 17. Watoto wanafanyia kazi za shule, mimi naandikia barua za kikundi. Tangu inunuliwe herufi zilikuwa na ukungu, kama unasoma nyuma ya kioo cha bafuni. Nikahisi macho. Nikaenda kupima, nikaambiwa macho mazima. Fundi wa mtaani alipoiona hata kiti hakuvuta: "Hii tuipige Windows, elfu ishirini."

Binti yangu wa kidato cha tatu ndiye aliyeuliza: baba, hii monita ina vitone (pixel) vingapi? Tukatafuta kwa namba ya modeli: 1280 kwa 1024. Tukafungua setingi, tukakuta imewekwa 1024 kwa 768. Kumbe monita bapa vitone vyake havibadiliki idadi. Ukiipa picha ndogo inabidi iinyooshe ienee kioo kizima, na mstari mwembamba wa herufi unaangukia katikati ya vitone viwili. Huo ndio ukungu wenyewe.

Tukapandisha. Herufi zikawa kali kama wembe ila ndogo, mama watoto akalalamika. Msirudishe vitone chini kwa ajili hiyo! Palepale kwenye setingi za kioo kuna sehemu ya kukuza maandishi hadi asilimia 125. Mwisho tukaandika cttune kwenye kisanduku cha kutafutia cha menyu ya Start. Inakuletea sampuli za maandishi, unachagua inayosomeka vizuri, unaenda mbele mpaka zinaisha. Dakika kumi, na elfu ishirini yangu ipo.

Haya, wengine mwageni yenu. "Mpelekee fundi" sitaki.

#2
Kama waya wako ni wa VGA, ule wenye pini 15, bonyeza kwanza kitufe cha AUTO kwenye monita kabla hujagusa kingine. Yangu kila "l" ilikuwa na kivuli chake pembeni. Nilibonyeza, ikajipanga yenyewe, kivuli kikapungua. Kilichobaki kiliondoka nilipobadilisha waya, maana ule wa zamani ulikuwa umebanwa na kabati sijui tangu lini.

#3
Yangu ilinitia hofu kweli. Windows XP, RAM MB 256, kwa hiyo nilikuwa nimeiweka kwenye mwonekano ule wa kijivu wa kizamani ili iwe nyepesi. Asubuhi moja nawasha, vitufe vya juu kulia vya kila dirisha vimegeuka namba. Pa kushushia dirisha pana 0, pa kulitanua pana 1, na pale penye alama ya kufunga pana herufi r. Nikajua virusi tu. Nikachomoa mpaka waya wa umeme.

Baada ya kutulia nikakumbuka. Jana yake shemeji yangu mwenye stationari alikuwa ameniletea CD ya fonti, yaani mitindo ya herufi, za kadi za harusi, nami nikamwaga zote kwenye folda ya Fonts. Ilipokuwa nzito nikaanza kufuta nisizozijua, na mojawapo ilikuwa Marlett.

Wakuu, Marlett si fonti ya kuandikia. Zile alama za madirisha si picha, ni herufi za fonti hiyo: ndani yake 0 imechorwa kistari, 1 imechorwa kisanduku, r imechorwa alama ya kufunga. Fonti ikiondoka, kompyuta inakuonyesha herufi yenyewe ikiwa uchi. Ukiwa na ule mwonekano wa bluu wa XP huwezi kugundua, kwa sababu kule vitufe ni picha.

Dawa: nilinakili marlett.ttf kutoka XP ya jirani, nikairudisha kwenye Fonts, nikafuta faili la FNTCACHE.DAT lililo ndani ya system32, nikazima na kuwasha. Faili hilo ni kumbukumbu tu ya fonti, Windows inalitengeneza upya. Zile za harusi nikabakiza sita. Hata kuwaka ilianza kuwaka haraka.

#4
Mnajisumbua bure. Pigeni Windows 10 maisha yaendelee.

#5
Mkuu #4, RAM MB 256 unaipigaje Windows 10? Labda niipige picha.

#6
Salamu kutoka Kiambu. Yangu haikuwa fonti kabisa, na nilipoteza wikendi nzima nikiibadilisha badilisha fonti. Mimi ni katibu wa chama chetu. Nilipakua orodha ya wanachama kama faili la CSV (jedwali lililohifadhiwa kama maandishi matupu), nikalifungua kwa Excel ya zamani. Wazee wote wa jina Ng’ang’a wakageuka Ngâ€™angâ€™a. Niliweka Arial, nikaweka Times, takataka ni ileile. Mzee mmoja aliiona kwenye karatasi akaniuliza nani amempa jina la Kizungu.

Ikiwa unaona visanduku, mara nyingi fonti haina hiyo herufi. Lakini ukiona â€™ penye king’ong’o, fonti haina kosa, kompyuta imesoma kwa alfabeti isiyo yake. Ile koma ya juu iliyopinda, kwenye UTF-8 (mfumo wa siku hizi wa kuhifadhi herufi), huhifadhiwa kwa baiti tatu. Programu ya zamani ikidhani kila baiti ni herufi moja, inakuchapia herufi tatu. Hesabu: â, €, ™. Tatu kamili.

Usilifungue faili kwa kulibofya mara mbili. Fungua Excel tupu, nenda menyu ya Data, chagua kuleta kutoka faili la maandishi, na pale inapouliza asili ya faili tafuta 65001, ndiyo namba ya UTF-8. Akina Ng’ang’a walirudi wote.

#7
Assalaam aleikum. Mimi niko Unguja. Bamkwe wangu ana tenzi za marehemu baba yake zilizoandikwa Kiswahili kwa herufi za Kiarabu. Mwanawe aliyeko Muscat alizichapa, akazituma. Bamkwe ana kompyuta ya XP, hataki kusikia habari ya nyengine. Kufungua, herufi zimesimama mbalimbali, hazishikani, kama watu waliogombana. Mzee akasema hii si hati ya baba yangu.

Kwenye XP ile, setingi za lugha na maeneo zina kijisanduku cha kuweka tiki kwa ajili ya lugha zinazoandikwa kutoka kulia. Ukiweka tiki inakudai CD ya Windows, kwa hivyo itafute mapema, mimi nilizunguka mji mzima. Baada ya hapo herufi zikashikana, lakini kila penye p, ch na v pakawa na kisanduku, kwani Kiarabu chenyewe hakina sauti hizo, na fonti niliyoichagua haikuwa nazo. Nikaweka fonti ya Scheherazade ya shirika la SIL, ya bure. Mzee alisoma beti tatu kwa sauti, kisha akataka tuzichape kwenye karatasi usiku uleule.

#8
Kwa walioweka Lubuntu, ile Linux nyepesi, kwenye mashine kuukuu: CV yangu ya kurasa mbili ilifunguka kurasa tatu, majedwali yamepinda. Ilikuwa imeandikwa kwa Calibri, na Linux haina Calibri, hivyo ikaweka mbadala wenye herufi pana zaidi. Niliweka Carlito, ambayo kila herufi ina upana uleule wa Calibri, CV ikarudi kurasa mbili. Kwa Arial na Times New Roman kazi hiyo inafanywa na Liberation. Na ukimtumia mwajiri, tuma PDF, maana hujui kompyuta yake ina fonti gani.

#9
Mkuu #1, nimefuata ile cttune yako kwenye monita ya chogo. Herufi sasa zina rangi pembeni, wekundu huku, bluu kule. Nimeharibu?

#10
Mimi wa #1 tena. Hujaharibu mkuu, kosa langu sikusema. ClearType, ndiyo ile inayorekebishwa na cttune, inatumia vile vipande vitatu vya rangi vilivyo ndani ya kila kitone cha monita bapa. Chogo halina mpangilio huo, kwa hiyo rangi zinavuja. Andika cttune tena, ondoa tiki ya kwanza kabisa, kisha bofya mpaka mwisho. Halafu angalia kiwango cha kuonyesha upya, yaani kioo kinachora picha mara ngapi kwa sekunde: kama ni 60 Hz na monita inakubali 75 au 85, pandisha, macho yatakushukuru.

#11
Mimi wa #9. Tiki nimeondoa, rangi zimekwisha. 85 imekataa, 75 imekubali. Kumbe ndiyo maana kichwa kilikuwa kinauma kila nikichapa.