Jiwe jeupe linatoa povu kwa siki: kuna pango la maji chini?

Mkulima_Bahi: Wakuu habari. Shamba liko Bahi, Dodoma. Ukichimba nusu mita unakuta mwamba mweupe, ukiumwagia siki unatoa povu. Mpimaji wa maji anasema ni chokaa kama ya mapango ya Amboni, chini kuna mto wa mapangoni, tuchimbe popote. Naombeni ushauri.

Nyundo na Mwamba: Mkuu, povu linakuambia chokaa ipo, halikuambii ina unene gani. Amboni kule Tanga ni chokaa ya baharini ya enzi ya Jurasiki (zama za dinosaria), imelala kwa matabaka. Maji ya mvua yenye kaboni dioksaidi huingia kwenye nyufa, hulimumunya jiwe na kuacha mapango. Bahi msingi ni granaiti na naisi, miamba migumu isiyo ya chokaa. Hicho cheupe ni ganda tu: maji yenye chokaa hupanda, jua huyakausha, chokaa hubaki ikigandisha udongo. Loweka kipande kwenye siki siku kadhaa, ukiibadilisha hadi povu liishe. Utabaki na mchanga unaokwaruza kioo, huo wa granaiti.

Na hata ingekuwa Amboni kweli, "popote" si ushauri. Kwenye mwamba wa mapango shimo moja hupata maji, jingine mita chache pembeni likawa kavu.

Mkulima_Bahi: Kwa hiyo maji hakuna?

Nyundo na Mwamba: Yanaweza kuwepo, ila kwenye granaiti iliyooza na nyufa za chini yake, kama kwenye visima vya Makutupora vinavyolisha Dodoma mjini. Mpimaji apime ukinzani wa umeme (ardhi inavyozuia umeme kupita) kwa mistari inayokatisha ufa unaodhaniwa, kisha pale ukinzani unaposhuka apime tena kuelekea chini. Tahadhari: ukinzani mdogo sana unaweza kuwa mfinyanzi au maji ya chumvi. Mdai grafu ya vipimo hivyo. Hana? Basi hajapima.

Mama Kisima: Naongezea. Kibali kinatoka Bodi ya Maji Bonde la Kati. Mkataba utaje malipo kisima kikitoka kikavu. Mtambo ukimaliza kuchimba, pampu ya majaribio iende saa 24, kina cha maji kiandikwe muda wote, kisha mpime maji yanavyorudi. Usinunue pampu kabla ya hapo. Peleka sampuli maabara: chumvi, na floridi (madini yanayoharibu meno na mifupa yakizidi) isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Floridi haitoki kwa kuchemsha. Maji yakipungua sufuriani, inakolea.

Mita kadhaa za juu ziba kwa saruji nje ya bomba, upite kabisa hilo ganda. Lina nyufa, maji ya zizi na choo hushuka humo bila kuchujwa.