Nikikuza maandishi, mzee ndiyo anazidi kupotea. Naombeni ushauri

BintiMwalimu
Habari za wakati huu wakuu. Naombeni msaada, nimeishiwa mbinu.

Baba yangu ni mwalimu mstaafu na kusoma ndiyo pumzi yake. Ana presha ya macho, anatumia dawa ya matone, na daktari alishatueleza kwamba uoni uliokwisha kupotea haurudi. Habari anazisoma kwenye kompyuta, kwa Firefox. Mimi nikajua dawa ni kukuza tu, nikabonyeza Ctrl na alama ya kujumlisha mpaka asilimia 300.

Juzi nikakaa kando yake nimtazame. Anaweka kidole kwenye kioo, anafuata neno baada ya neno. Mstari ukiisha anarudi kushoto kutafuta unaofuata, na hapo ndipo mambo yanapoharibika: anarudia mstari uleule, au anaruka mmoja. Kurasa nyingine mstari unatokeza nje ya kioo, inabidi auvute kwa kipanya. Mwisho akaniambia, "Mwanangu, herufi naziona, habari ndiyo siipati." Akafunga kompyuta.

Niongeze mpaka 400? Au nimnunulie kioo kikubwa zaidi?

Mchungulia_Tundu
Pole sana dada, na hongera kwa kukaa ukamtazama. Wengi wetu tunakuziwa maandishi na watu ambao hawajawahi kututazama tukisoma.

Usiongeze. Punguza. Mimi nina ugonjwa wa macho wa kurithi unaokula pembeni, naona kama mtu anayechungulia kwenye tundu la ufunguo. Presha ya macho nayo kwa kawaida huanza kula pembeni. Sasa fikiria tundu hilo: herufi za kawaida, maneno manne matano yanaingia kwa pamoja. Ukizikuza sana linaingia neno moja, pengine nusu. Kila neno analiona vizuri, lakini sentensi hawezi kuishika, na mwanzo wa mstari unaofuata uko mbali, nje ya tundu. Ndiyo maana kidole.

Anayehitaji herufi kubwa mno ni yule aliyepoteza katikati ya uoni, kama wazee wanaougua sehemu ya katikati ya retina. Haya ni matatizo mawili tofauti, ingawa yote tunayaita uoni hafifu.

Bonyeza Ctrl na 0, ukurasa urudi asilimia 100. Panda polepole, 110, 120, 133, mzee mwenyewe ndiye aseme "hapa". Kisha fungua habari moja na ubonyeze F9 kama ni Windows. Hiyo ni hali ya msomaji: matangazo na menyu vinaondoka, yanabaki maandishi. Pembeni kuna kitufe cha mwonekano. Punguza upana wa safu, ongeza nafasi kati ya mistari. Safu nyembamba ndiyo iliyoniokoa mimi, kwa sababu jicho halisafiri mbali kurudi.

Kodi_Safi
Natengeneza tovuti, niongezee kidogo. Huo mstari unaotoka nje ya kioo ni kosa letu watengenezaji, si la mzee. Mwongozo wa WCAG, yaani kanuni za kimataifa za kufanya tovuti zitumiwe na watu wenye ulemavu, unataka maandishi yakuzwe hadi asilimia 200 bila kitu kupotea, na tangu toleo la 2.1 la mwaka 2018 unataka ukurasa ujipange upya kwenye upana wa pikseli 320 (nukta za kioo) bila kuvutwa kushoto na kulia. Kioo cha pikseli 1280 kikikuzwa asilimia 400 kinafika hapohapo.

Angalia na rangi. Presha ya macho hupunguza uwezo wa kutofautisha kijivu na kijivu. Kiwango cha chini kwa maandishi ya kawaida ni utofauti wa mwanga wa 4.5 kwa 1 kati ya herufi na rangi iliyo nyuma yake. Ile kijivu inayopendwa, ambayo sisi watengenezaji tunaiandika #999, juu ya nyeupe haifiki hata 3 kwa 1. Kwenye mipangilio ya Firefox, sehemu ya rangi, unaweza kuamuru rangi zako zitumike badala ya za ukurasa. Baadhi ya vitufe vitabadilika sura, mwambie mapema asishtuke. Sehemu ya fonti nayo ina ukubwa wa chini kabisa. Ukiuweka, hakuna tovuti itakayomletea herufi ndogo kuliko hapo.

Usiku_Mwema
Weka nyuma nyeusi, maandishi meupe. Mtoto wa jicho ulikuwa unanifanya nione mwanga wa kioo kama taa ya gari. Nyeusi ndiyo ilinipumzisha.

Mchungulia_Tundu
Ndugu, kwako sawa, ila si kila jicho. Wenye astigmatizimu, yaani jicho ambalo mbele yake halina mviringo sawasawa, wengi huona herufi nyeupe zikivuja kwenye weusi. Ajaribu zote, kila moja kwa habari nzima. Mistari miwili haitoshi kuhukumu.

BintiMwalimu
Nimerudi. Tumeshinda naye asubuhi nzima. Nyeusi ameikataa, anasema herufi zina ukungu. Amechagua rangi ya karatasi kuukuu na herufi nyeusi, safu nyembamba, mistari imeachana. Ukubwa aliotaka ni mdogo kuliko nilivyofikiri, nusu ya ule niliokuwa nimemwekea! Kidole kilikaa kwenye kioo kwa aya mbili za kwanza, kisha nikakiona kimeshuka mezani. Akamaliza habari, akafungua ya pili bila kuniuliza. Nimelia kidogo, nisamehewe.

Limebaki moja. Barua zake za pensheni huja kama PDF, na huko F9 haifanyi kitu.

Kodi_Safi
Jaribu kuchagua neno moja kwa kipanya. Likichagulika, ni maandishi: fungua kwa Acrobat Reader, bonyeza Ctrl na 4, mistari itajipanga kufuata upana wa dirisha. Lisipochagulika, karatasi ilipigwa skani, hiyo ni picha. Itabidi ipitishwe kwanza kwenye programu ya kutambua maandishi.

BintiMwalimu
Nimegusa neno, ukurasa mzima umegeuka bluu. Basi ni picha. Leo jioni naanza na barua ya mwezi huu, na nitawaandikia waliomtumia niwaulize kama wanaweza kutuma yenye maandishi.