Klabu ya ukulele: kila mwezi naaibika, niache au niendelee?

Mtanga_Baridini (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za jioni. Naomba ushauri kabla ya Alhamisi, na kucheka mcheke baadaye.

Niko kaskazini-magharibi mwa Uingereza, si mbali na Wigan, nahudumia wazee kwenye nyumba yao ya kulelewa. Miezi mitano iliyopita mzee mmoja pale alinipa ukulele wake, yaani kigitaa kidogo cha nyuzi nne, vidole havimtii tena. Nikampigia mama Tanga kumwambia nimejiunga na klabu ya ukulele. Akanyamaza kidogo, kisha: "Ukelele? Huko kupiga ukelele nako kuna klabu?"

Tunakutana Alhamisi ya kwanza ya kila mwezi, chumba cha juu ya baa. Watu kama ishirini, wengi wastaafu, unatoa pauni mbili mlangoni. Maneno ya wimbo na kodi zake (za muziki, yaani sauti kadhaa zinazopigwa kwa pamoja, si za TRA) yanamulikwa ukutani, mtu anahesabu mpaka nne, basi limeondoka. Mimi nabaki stendi. Nikija kupanga vidole vya kodi iitwayo G7, wenzangu wako mstari wa tatu. Na hawa ni watu wa George Formby, yule mchekeshaji wa Wigan aliyetamba miaka ya 1930. Nyimbo zake mbio tupu.

Mwezi uliopita ndiyo nilitamani ardhi ipasuke. Wote tulikuwa tunatyuni, yaani kukaza na kulegeza nyuzi zipate sauti yake, mimi natumia programu ya simu. Mshale hautulii. Nikakaza uzi wa kwanza, nikakaza, nikakaza tena, pwaa! Ukakatika ukanichapa shavu. Chumba kizima kikanigeukia. Bibi mmoja akaja akanipa biskuti, kama mtoto aliyeanguka.

Sasa kiongozi anasema mwezi huu kila mwanachama ana zamu, na mimi nilete "wimbo wa kwenu". Nimekubali kwa kuona haya. Niende? Nisingizie zamu ya usiku? Au niache kabisa? Jingine ni hilo la baa. Mimi Muislamu, sinywi, na kila mara mtu ananiuliza nakunywa nini.

Chuma_Ulete

Mtu mzima na kigitaa cha watoto? Chukua ovataimu utume hela nyumbani.

Nahodha_wa_Likoni

Chuma, hicho unachokiita cha watoto kina safari ndefu kuliko yako. Agosti 1879 meli ya Ravenscrag ilitia nanga Honolulu na wahamiaji wa Kireno kutoka kisiwa cha Madeira, waliokwenda kufanya kazi mashamba ya miwa. Walikuwa na kigitaa chao cha nyuzi nne. Ndani ya meli hiyo walikuwamo maseremala watatu, Nunes, Dias na Espírito Santo, nao ndio waliokuja kuunda ukulele kule Hawaii. Wareno hao hao sisi walituachia Fort Jesus. Wenzetu wameachiwa muziki, sisi mizinga.

Dada, nenda.

Fundi_Nyuzi

Da'Mtanga pole na shavu. Kosa ni la simu. Simu inasikiliza kwa maikrofoni, na chumba kina ukulele ishirini, kwa hiyo ilikuwa inakusomea uzi wa jirani. Wewe unakaza wako, mshale unafuata wa mwenzio, mpaka unakatika. Nunua tyuna ya kubana kichwani mwa ukulele, haina bei. Hiyo inasoma mtetemo wa mbao, hata wakipiga tarumbeta haibabaiki. Na huo uzi mpya uliofunga, usishangae ukilegea kila baada ya dakika tano. Nailoni mpya inavutika kwa siku kadhaa. Uvute taratibu kwa kidole, tyuni, vuta tena.

Nyuzi ukizihesabu kutoka upande wa uso wako ni G, C, E, A. Hiyo G iko juu kisauti, si besi kama kwenye gitaa, kwa hiyo usiitafute chini.

Kuhusu kasi: nyimbo nyingi za zama za Formby zinazunguka C, A7, D7, G7. Usizione nne ukaogopa. C ni kidole kimoja, freti (vile vijichuma vya shingoni) ya tatu uzi wa A. A7 pia kimoja, freti ya kwanza uzi wa C. D7 ipige ile ya mkato, freti ya pili kwenye G na kwenye E, basi. Kazi imebaki G7 peke yake. Na ikikushinda, iache ipite. Lalisha vidole vya kushoto juu ya nyuzi zisitoe sauti, mkono wa kulia uendelee chaka-chaka, C ikirudi unadandia. Mkono wa kulia usisimame hata nyumba ikiungua. Wewe unasimama ili utafute vidole, ndiyo maana basi linakuacha.

Mkaazi_Salford

Suala la baa lisikupe shida. Huku baa ni kama baraza, nusu ya watu wako pale kwa ajili ya stori. Ila jua mtego wake. Mtu akikuuliza unakunywa nini, ukitaja tu, umeshaingia kwenye mzunguko, na zamu yako ya kununulia watu sita itafika. Fika mapema, jinunulie soda ya limau, panda nayo juu. Ukiulizwa, inua glasi: "Niko sawa, ahsante." Hakuna anayekasirika.

Ummu_Nassor

Hata hivyo mwanangu, pahala penye ulevi ni bora kupaepuka. Waulize kama kuna ukumbi mwingine. Wastaafu hao, huenda nao ngazi zinawachosha.

Kavu_wa_Kakamega

Wimbo wa kwenu usikutoe jasho, dada. Huku kwetu magharibi mwa Kenya tuna omutibo, ule mtindo wa gitaa kavu, lisilo la umeme, wa wanamuziki akina George Mukabi. Mwenye gitaa anapiga yake, na kando yake kuna mtu na chupa ya Fanta, zile za zamani za kioo zenye mabonde. Anaikwaruza kwa chuma, kwaru-kwaru, kwaru-kwaru. Hajui kodi hata moja lakini bila yeye hakuna anayecheza. Wewe imba, kwaruza chupa, hao wazungu ishirini ndio watapiga ukulele. Wape kodi mbili tu, C na G7. Chagua wimbo wa kuitikia, kiitikio kifupi wasome ukutani. Kiswahili kinasomwa kilivyoandikwa, hawatapotea.

Mtanga_Baridini

Kavu, umeniokoa! Lakini chupa ya mabonde naitoa wapi? Fanta ya huku ni plastiki.

Kavu_wa_Kakamega

Plastiki hailii. Tafuta kioo chochote chenye mistari, tupu kabisa, na kijiko. Usikwaruze kama unaparura samaki. Acha kijiko kiruke.

Mtanga_Baridini

Mrejesho, wakuu. Nimeenda.

Chupa nimeipata kwenye pipa la vioo kazini, ya juisi, ina mabonde kuanzia shingoni mpaka kitako. Usiku wa Jumatano nimefanya mazoezi jikoni mpaka mpangaji mwenzangu akagonga ukuta. Tyuna ya kubana imefanya kazi, Fundi Mungu akupe maisha. Kwenye nyimbo zao nimepiga C na A7, kwingine chaka-chaka, na kwa mara ya kwanza nimemaliza wimbo pamoja na watu.

Zamu yangu nikawapa wimbo wa bibi yangu, wa kuitikia, tuliokuwa tunaimba tukikuna nazi. Kiitikio "haya twende". Mara ya kwanza waliitikia kama wako msibani. Mara ya tatu mzee mmoja wa banjolele (ukulele wenye mwili wa banjo), ndiye mkali wao wa Formby, akaweka banjolele chini akaanza kupiga meza. Nilikosea mstari mzima wa pili, hakuna aliyejua isipokuwa mimi na marehemu bibi.

Ummu Nassor, nimeuliza habari ya ukumbi. Kumbe wawili wameshalalamikia ngazi. Wanaulizia ukumbi wa maktaba.

Na bibi wa biskuti anauliza chupa kama ile inauzwa wapi.

Kavu_wa_Kakamega

Mwambie ninazo kreti mbili. Posta juu yake.