Tarehe za kahawa zimegeuka namba

mzani_moshi: Wakuu, natunza rekodi za mapokezi ya kahawa hapa Moshi. Nazisafisha kwenye R (lugha ya kuchakata takwimu), kisha nazimwaga SQLite (hifadhidata ndogo ya faili moja). Jana nimezisoma tena kwenye R: 15 Mei 2024 imekuwa 19858! Madaraja niliyoyapanga AA, A, B kama fakta (makundi yenye mpangilio wake) yamerudi maandishi matupu, na kwenye grafu A imeitangulia AA. Bosi kauliza kama nimelewa.

kitenge: Pole mkuu, hujalewa. SQLite haina aina ya tarehe. Hizo ni siku tangu 1 Januari 1970. `as.Date(19858, origin = "1970-01-01")` inairudisha. Ila fungua muunganisho wa R na SQLite kwa `extended_types = TRUE` ili tarehe zibaki tarehe, kisha andika jedwali upya. Kwenye lile la zamani, safu ya tarehe imeshasajiliwa kama namba.

dada_wa_ngaramtoni: Fakta hata kwenye PostgreSQL (hifadhidata nyingine) inaingia kama maandishi. Mimi nina kijedwali cha madaraja chenye safu ya mpangilio. Nikisoma naijenga tena kwa `factor()` na `levels` (orodha ya madaraja kwa mpangilio wake). Na simu za wakulima zihifadhi kama maandishi jamani! Zangu zilipoteza sifuri ya mbele, 0754 ikawa 754.

mzani_moshi: Tarehe zimekaa, asanteni. Fakta kesho, umeme umekatika.